Mvua Juu ya Mahindi

Hapa Hilliard, ughaibuni, nyuma ya ghala ninapofanya kazi, trekta limefyeka ukingo wa shamba la mahindi. Harufu ya majani mabichi iliponifikia, nilizima gari nikasikiliza.

Kule milimani kwetu, mama hakuruhusu mtu kugusa kichaka cha ukingoni. Ndege walilala humo, na asubuhi walitoka kula viwavi. Siku moja baba mdogo akaja na panga, anataka kuongeza matuta.

"Shemeji, kiache. Ndege ndio wanaotulindia shamba."

"Bon, haya, na hao ndege wako walishika jembe lini?"

Akacheka, akafyeka chote.

Ndege wakahama. Mchana mmoja nikasikia mvua nyepesi juu ya mahindi. Nikanyoosha kiganja, kikabaki kikavu.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Nyamaza. Wanakula."

Viwavi hawakutuachia hata gunzi. Maziwa ya mama yakakauka, na mdogo wangu aliyekuwa ananyonya akafa. Msibani baba mdogo alisema ni njaa. Mimi nasema ni yeye na panga lake.

Tulipokuwa tunamfukia mtoto, mvua ya kweli ikaanza, na mama akaziba masikio.