Uganga au Mwanga

Nilipofaulu kuingia kidato cha tano, kemia na fizikia hazikuwa na mjadala. Lililonivuruga ni somo la tatu: nichukue baiolojia niende udaktari, au hisabati niifuate fizikia hadi chuo kikuu? Hapo kwetu Likoni kila mtu alikuwa na rai yake, na zote zilinichosha. Nikamwendea nyanya, aliyekuwa uani akikuna nazi.

"Nyanya, baba ataka nisomee uganga. Mimi napenda mwanga."

Akaacha kukuna. "Mwanga? Audhubillahi! Wataka kwenda uchi usiku ukiroga watu?"

Nilicheka hata nikakaa chini. Kwetu mwanga ni mchawi pia, nami nilikuwa nimesahau. Nikamweleza kuwa ni mwanga wa jua na wa taa, na jinsi unavyopinda ukiingia majini. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Basi mbona ukitaja uganga wakunja uso," akauliza, "na huo mwanga wakuchekesha?"

Kesho yake mwalimu alipotuuliza mmoja mmoja, nilikunja uso nikasema, "Baiolojia."