Kinyozi wa Mlango wa Kijani

Miaka yangu ya mwanzo Doha, kabla simu hazijajua njia, dereva aliishi kwa alama. Sisi tusiosoma Kiarabu hatukuwa na habari na majina ya barabara. Tulielekezana hivi: pita raundabauti yenye sanamu ya swala, kata kulia kwa fundi cherehani, ukiona duka la mazulia ujue umepitiliza. Mimi alama zote niliziandika kwenye daftari. Raundabauti ikibomolewa na taa kuwekwa, nilikata mstari nikaandika upya. Nilijigamba sana na daftari lile, na wenzangu wakipotea niliwacheka mpaka machozi.

Nilimwendesha mama yake bosi, bibi ambaye nyumba nzima tulimwita Mama Kabira. Tuliishi Al Thumama. Nikiwa na mwezi mmoja tu kazini, alinipitisha mtaa wa Najma akanionyesha kwa kidole nyumba alimozaliwa, ambayo wakati huo ilikuwa imepangishwa vibarua. Nikaandika: "Kwao Mama. Mkabala na kinyozi wa mlango wa kijani." Miaka ikapita bila kupelekana huko tena.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Daktari alisema hayana dawa, na kwamba mwanga uliobaki ni wa miezi tu. Asubuhi moja aliketi kiti cha nyuma, akaniambia kwa kile Kiarabu chepesi tulichoelewana nacho, "Mwanangu, nipeleke kwetu. Nataka kupaona kabla ya giza."

"Napajua, Mama," nikajibu, hata daftari sikulifungua.

Mlango wa kijani niliupata bila shida, na kinyozi alikuwa ndani akinoa wembe. Ila mbele yake hapakuwa na nyumba. Palikuwa na kiwanja cha mchanga kilichojaa magari. 

"Nyumba imebomolewa, Mama. Lakini ni hapa."

Alishuka, akatembea hatua chache akiburuta viatu polepole mchangani. "Si hapa," akasema. "Kwetu ardhi iliteremka. Mvua ikinyesha maji yalifika mpaka jikoni."

"Ni hapa, Mama. Nimeandika."

Hakubishana nami. Alirudi garini, na kwenye kioo nikamwona akijifuta macho kwa pembe ya shela. Nilijichukia. Kuuliza si ujinga, kila mtoto wa kwetu anajua, lakini mimi na daftari langu tulikuwa tumejifanya wakubwa kuliko methali.

Basi nikashuka, nikamwendea bawabu wa jengo la jirani, Mkenya mwenzangu niliyezoea kusalimiana naye.

"Kinyozi?" akasema. "Huyo alihamia huku kitambo, bro, na mlango akaupaka rangi ile ile. Zamani alikuwa hiyo street ya pili, hapo kwa chai. Si ni hapo wewe hupaki kila Friday?"

Kila Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilikuja Najma kunywa chai na wenzangu, na gari nililiegesha kwenye kiwanja cha mtaa huo wa pili, mkabala na alipokuwa kinyozi. Daftarini nilikuwa nimekiandika "pa kuegesha, kivuli saa kumi".

Tulizunguka. Gari lilipoinama kidogo kuingia kiwanjani, Mama Kabira alishika mlango hata kabla sijasimama. Alitembea akishikilia mkono wa shati langu, akahesabu kitu kimoyomoyo, kisha akachuchumaa na kupangusa mchanga kwa kiganja. Vikatokea vigae vitatu vya kijani vyenye ua jeupe. Aliinamisha uso karibu kabisa, ili macho yale yafikie.

"Jikoni kwa mama yangu," akasema.

Sikuweza kunyamaza. "Nisamehe, Mama. Kila Ijumaa naegesha gari hapa. Juu ya hivyo vigae."

Aliinama, mabega yakamtikisika, nami nikajua kazi imekwisha. Kumbe alikuwa anajizuia kucheka.

"Kwa hiyo ulikuwa mgeni wetu," akasema. "Ulipewa cha kunywa?"

"Chai, Mama. Ya maziwa na iliki."

"Alhamdulillahi. Mama hakuaibika."

Jioni ile nilikata "pa kuegesha" nikaandika "jikoni kwa mama yake Mama Kabira", na tangu hapo gari nikawa naliacha barabarani, jua liwake lisiwake.

Kufikia majira ya baridi alikuwa haoni kabisa. Aliniomba nimpeleke mara moja zaidi. Nilimwongoza mpaka kwenye vigae, nikamvua viatu, nikaenda kuleta vikombe viwili vya chai.

"Tumefika?" akauliza.

"Tumefika, Mama."

Alipapasa kwa nyayo mpaka akahisi ubaridi wa vigae, kisha akanyoosha mkono kupokea kikombe. Cha kwanza akanirudishia mimi. "Mgeni kwanza," akasema.