Bisibisi na Gari la Mkwewe

Kazini hawalijui jina lake la kuzaliwa. Wanamwita Bisibisi, kwa sababu kutwa nzima anafungua na kufunga namba za magari kwenye uwanja ulio nyuma ya ofisi ya kodi. Wakubwa serikalini husamehewa kodi ya gari, na gari hilo hupewa namba ya kijani. Sasa sheria imebadilika: mkubwa akitiwa hatiani kwa rushwa, msamaha unaondoka, gari linazuiwa hadi alipe kodi kama sisi wengine, na namba ya kijani inang'olewa.

Baba mkwe wake alikuwa mkurugenzi. Alikula pesa za vitanda vya hospitali, mahakama ikamtia hatiani. Akatuma neno kwa binti yake: huyo mumeo akigusa gari langu, nyumbani kwangu asikanyage tena.

"Si uombe ruhusa siku ya kung'oa namba yake?" mkewe alimwambia, huku anamkausha mtoto masikioni kwa ncha ya kanga.

"Nikiomba, wenzangu watamfungulia kwa mtaimbo. Bampa itabaki na makovu."

"Bampa inakuuma kuliko mimi?"

Bisibisi akampokea mtoto, akamvalisha fulana nyuma mbele.

Siku ilipofika, mzee aliendesha mwenyewe, dereva hana tena. Wenzake Bisibisi wakaacha kazi zao.

"Leo Bisibisi anamnyoa mkwewe!"

"Taratibu, bwana, usimkate sikio!"

Bisibisi akajifanya hasikii. Akaenda kumpokea mzee.

"Shikamoo, baba."

Mzee alifunga mlango wa gari kwanza. "Marahaba," akasema, kwa sauti ya mtu anayerudisha chenji.

Uwanja ule una utaratibu wake: skrubu ya mwisho ikitoka, mwenye gari ndiye anashika namba, asije kesho akadai amekwaruziwa rangi. Kwa hiyo mzee ilimbidi achuchumae mbele ya gari lake, suti na yote, bega kwa bega na mkwewe. Magoti yakamlia. Skrubu moja ilikuwa na kutu. Bisibisi akaidondoshea mafuta, wakangoja pamoja ilainike.

"Yaani hata wewe," mzee alinong'ona.

"Hata mimi, baba."

"Nilikupa binti yangu."

"Ulinipa. Na kazi hii hii ndiyo inamlisha, yeye na mjukuu wako."

Skrubu ikatoka. Mzee akabaki na namba mkononi, akaipangusa vumbi kwa kiganja.

"Hii niachie. Nitaiweka stoo tu. Nani atajua?"

Namba nzima ikitoka getini, jioni inaweza kuwa imefungwa kwenye gari jingine, na Bisibisi alilijua hilo. Alijua pia kwamba mkewe hana baba mwingine. Akanyoosha mikono yote miwili, kama anavyopokea kitu kwa mkubwa.

"Naomba, baba."

Mzee alimtazama, kisha akampa. Bisibisi akaiweka chini, akaikanyaga katikati, akaikunja mara mbili, akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Mzee akajipangusa magoti, akatoka getini kwa miguu bila kuaga.

Jumapili mkewe alikwenda kwao na mtoto. Bisibisi akabaki, akafua nepi, akazianika, akazianua kabla hazijakauka. Waliporudi jua likizama, aliwapokea mlangoni.

"Vipi kwa mzee?"

"Amempakata mtoto mpaka amelala. Kagoma kumlaza kitandani."

"Na mimi?"

Mkewe akavua viatu polepole. "Wewe hajakutaja. Nilipokutaja mimi, alitoka nje."

Bisibisi akamchukua mtoto, akaingia naye ndani.

"Basi Jumapili ijayo mpeleke tena," akasema. "Mimi nitakusindikizeni mpaka kona ya kwenu."