Gari la Fundi Makochi Halijafa

Fundi Makochi alikuwa na mguu mmoja wa kazi. Wa kushoto ulidhoofu tangu utotoni, ukawa wa kumsindikiza tu mwenzake. Hakuwa mtu wa kujililia. Alijifunza kushona makochi, akafungua karakana yake, na alipochoka kuwabembeleza wenye magari wampelekee mizigo kwa wateja, akanunua lori dogo la zamani kwa mjomba wake, dereva mstaafu. Rangi ilikuwa imebabuka na mlango mmoja ulifungwa kwa kubamizwa, lakini gia zilikuwa otomatiki. Halikuwa na klachi. Lilitaka mguu mmoja tu, na huo alikuwa nao.

Ndiyo maana asubuhi moja lile gari lilipogoma, alipandwa na hasira kabla hata ya kujua amkasirikie nani.

Makochi ya mteja yalikuwa yameshapakiwa. Akazungusha ufunguo, kimya. Taa ziliwaka vizuri, honi ililia mpaka jirani akachungulia dirishani, lakini stata, mota ya kuwashia injini, haikutoa hata mlio. Wapita njia wakajaa, kila mmoja fundi.

"Tukusukume, mama. Weka gia ya pili."

"Hili ni otomatiki. Haliwaki kwa kusukumwa."

Nani amsikilize? Wakamwambia aweke gia huru, wakasukuma kwa makelele mpaka kwenye kona. Kama alivyozoea, akairudisha gia kwenye P, ya kuegesha, ndipo akajaribu tena ufunguo. Kimya vilevile. Wasukumaji wakatawanyika, wakamwacha ameziba njia, huku wakisema mama huyu na gari lake bovu.

Kaka yake akaja na kamba, wakalivuta taratibu hadi gereji ya jirani. Fundi wa hapo akafunua boneti, akainama, akainuka, akaanza kuzungumza na kaka mtu. Fundi Makochi alikuwa amesimama katikati yao akiegemea fimbo yake, lakini maneno yalimpita juu ya kichwa.

"Mwambie dada yako stata imekufa."

Stata ikafungwa nyingine. Kimya. Betri ikawekwa nyingine. Kimya. Fundi akafuta mikono kwa tambara.

"Basi ni gia boksi. Hizi otomatiki za zamani zikishakufa hazifufuki. Auze chuma chakavu tu. Kuna mtu wangu anaweza kulichukua leo hii."

"Hata mimi naona hivyo," kaka akasema. "Tutamtafutia la gia za kawaida, aajiri dereva."

"Kaka, nipo hapa," alisema Fundi Makochi. "Gari ni langu. Mbona haniulizi mtu?"

"Tunakupunguzia matatizo, dada."

Damu ilimchemka. Alijivuta hadi kwenye usukani, akaubamiza mlango, akampigia simu mjomba.

"Taa za dashibodi zinawaka?" mzee aliuliza.

"Zinawaka."

"Ukiweka gia kwenye P, ile herufi P pale mbele inawaka?"

Akaangalia. Haikuwaka.

"Kanyaga breki, sogeza kwenye N, gia huru. Herufi yake je?"

"Inawaka, mjomba."

"Hebu washa hapohapo."

Akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma, lori zima likatikisika, na fundi wa gereji akageuka kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Ni swichi ya gia hiyo, mwanangu," mjomba akasema. "Imewekwa ili gari lisiwake likiwa kwenye gia, lisije likamrukia mtu. Imechoka, haiioni P tena. Gia boksi yako nzima kabisa. Kwani huko gereji hawakujaribu?"

Hilo ndilo lililomchoma. Akashusha kioo.

"Ulijaribu kuwasha kwenye N?"

"Nilikuwa naelekea huko, mama," fundi akajibu.

"Umefika kwenye chuma chakavu kabla ya kusogeza gia?"

Fundi akalitazama tambara lake. Wakati huo akaingia yule mnunuzi wa chuma chakavu na gari la kuvuta mengine, akauliza lori la kuchukua ni lipi. Fundi Makochi akamuuliza ameitwa na nani. Mtu yule akaelekeza kidevu kwa kaka mtu. Kaka akajifanya anakuna shingo.

Hakubishana na kaka yake. Alidai stata yake na betri yake. Betri ilikuwa bado chini ya meza, lakini stata iliyotangazwa maiti ilikuwa tayari imefungwa kwenye teksi uani, na teksi ilikuwa inawaka bila tatizo. Fundi Makochi akakaa kwenye gurudumu kuukuu, fimbo mapajani, akasema haondoki mpaka vitu vyake virudi mahali pake. Mwenye teksi naye aliposikia habari akaanza kufoka. Fundi wa gereji akaingia chini ya teksi kuifungua stata.

Vitu vyake viliporudishwa, Fundi Makochi akaliwasha lori kwenye N, akafikisha makochi kwa mteja, kisha akaenda kwa fundi wa umeme wa magari mtaa wa pili. Huyo aliifungua swichi, akaisafisha, akaikaza upya, na kila alichofanya akamwonyesha yeye mwenyewe. Herufi P ikawaka.

Kaka yake alijitokeza karakanani wiki iliyofuata.

"Nilikuwa nakuonea huruma tu," alisema. "Nikikuona unahangaika na lile gari..."

"Hujaniona nikihangaika. Umeniona nikiendesha." Aliendelea kugongelea misumari. "Kama ungefanikiwa kuliuza lile gari, leo ningekuwa nimesimama barabarani nikimwomba mtu anibebee mzigo. Hiyo ndiyo huruma yako?"

Kaka alipoona kochi liko tayari kwa safari, akainama akashika upande mmoja, akasaidia kulipandisha kwenye lori. Dada yake akazunguka hadi upande wa dereva, akapanda, akawasha. Hakumshukuru. Hasira ilikuwa bado ipo, na hakuona sababu ya kuiharakisha iondoke.