Kioo cha Kaburi la Kaka

Kaburi la kaka yangu, kwenye migomba ya kibanjani kwetu Kaagya, halina mtu. Alizama ziwani upande wa visiwa vya Muleba, akiwapelekea wavuvi wa dagaa taa za kuvutia samaki, na mwili wake haukuonekana. Tulisubiri wiki tatu. Wazee wa ukoo wakasema haifai mtu abaki nje bila kwake. Wakakata shina la mgomba lenye urefu wake, wakalivisha shuka jeupe, likalazwa kwenye jeneza na kuzikwa kama mtu, padri akiwa amesimama pembeni.

Taa zile nilizichagua mimi. Nilimwambia kaka ni nyepesi, zinang'aa, hazimalizi betri, na wavuvi watamshukuru. Hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniumiza kuliko lawama.

Kwetu, kaburi la saruji huwekwa picha ya marehemu chini ya kioo. Ya kaka haikudumu. Jua liliipausha hadi ikabaki kola ya shati tu. Wakati huohuo macho ya mama yalikuwa yakififia. Daktari wa Bukoba mjini alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Mama alibaki kuona vitu vyenye mwanga mkali tu: bati jipya, moto wa jikoni. Akanipigia simu na kusema anataka auone uso wa mwanawe, palepale kaburini, kabla giza halijafunga kabisa. Nilipomwambia tunaweza kuikuza picha kwenye runinga alikasirika. Alisema mwanawe hajazikwa sebuleni.

Mimi kazi yangu, huko ughaibuni, ni kusanifu vioo vyenye skrini ndani yake. Taa za maikro-LED, kila moja nyembamba kuliko unywele, tunazipanda kwa maelfu katikati ya mabamba mawili ya kioo. Zikizimwa, unaona ng'ambo. Zikiwashwa, picha inatokea kama inaelea hewani. Adui yetu ni joto. Nuru nyingi haitoki nje. Inanaswa ndani ya kioo na kuzunguka humo hadi igeuke joto. Ukilazimisha mwanga uongezeke, joto nalo linaongezeka, na taa nyekundu ndizo huchoka mapema.

Nikaja likizo na kipande kilichokataliwa maabara, ukubwa wa daftari la shule. Fundi wa makaburi kutoka Kashozi alitengeneza fremu kwenye saruji, huku akinitania kwamba nimesoma hadi Ulaya ili nije kumnyang'anya kazi. Paneli ya sola tukaiweka juu ya paa la jiko, kwa sababu kaburini migomba inatia kivuli kuanzia mchana. Alasiri nikawasha. Kaka akatokea akitabasamu. Nywele zilinisimama, ingawa picha niliipanga mwenyewe.

Mama alipiga magoti, akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Alisema anaona mwanga, na ndani ya mwanga kitu kama kichwa, lakini uso hauoni. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kioo.

"Ana joto," akasema.

Nilimweleza kwamba ni joto la taa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa habari anazozijua, na mkono hakuutoa. Mimi nilikuwa nikiona jambo lingine. Zilipopita kama dakika kumi, taa nyekundu zilianza kufifia. Midomo ya kaka ikapauka, mashavu yakaingia ukijani, mpaka akawa vilevile ninavyomwota tangu apotee, macho wazi, chini ya maji. Nilizima haraka nikadanganya kwamba betri imekwisha. Mama hakuwa ameona chochote.

Nilirudi kazini nikiwa na hasira na kioo kile kana kwamba kilinitukana. Mwaka mzima nilifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Nilizipunguza taa ukubwa, nikazitenganisha, nikaweka juu ya kila moja lenzi ndogo ili nuru ipate njia ya kutoka. Nikatandaza nyuzi za shaba zisizoonekana kwa macho, zilivute joto hadi pembeni, kwenye bamba la aluminiamu. Kioo kikang'aa zaidi, na ukikigusa ni cha baridi. Wenzangu wakanipongeza. Sikuwaambia kwamba nilikuwa namtoa mtu majini.

Huku nyuma, shangazi anayeishi na mama alikuwa akinipa habari. Kila alasiri mama alikwenda kaburini, akawasha kioo, akakaa na kiganja juu yake akizungumza Kihaya polepole. Shangazi alidhani ni uzee. Mimi nilidhani ni uvumilivu, kwamba ananisubiri nilete kinachofaa.

Basi nikakileta. Basi nililopanda lilipopita Kemondo, kando ya ziwa, nilitazama upande wa pili wa barabara, kama kawaida yangu, nisilione ziwa. Kesho yake nilifungua skrubu za fremu, nikatoa kioo cha kwanza, nikaweka cha pili.

Mama alipiga magoti. Safari hii hakusogea karibu sana. Alishika mdomo.

"Huyu hapa," akasema. "Hata kovu la kwenye nyusi naliona."

Alilia, nami nikalia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi yale nilijisikia nimesamehewa. Nusu saa ikapita na uso haukubadilika rangi. Nilitaka kumwita fundi, shangazi, kijiji kizima waje waone.

Ndipo mama akaweka kiganja. Akakitoa, akakifuta kwenye kitenge, akakirudisha.

"Amepoa."

Nikamwambia ndivyo kinavyotakiwa kuwa, kwamba hicho ndicho nilichokihangaikia mwaka mzima.

"Mtu akipoa najua maana yake, mwana wange. Baba yako nilimshika akiwa amepoa. Huyu sikuwahi kumshika." Aliendelea kukipapasa kioo kwenye pembe zake, akitafuta. "Nirudishie kile cha kwanza."

"Hutamwona, mama."

"Nimeshamwona."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilimwambia kwamba macho hayatangoja, kwamba mwakani hata hiki hatakiona, kwamba watu wazima wenye akili zao wamekipigia makofi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Alikaa tu na mikono mapajani, akingoja.

Nikachukua bisibisi. Kioo changu kizuri nikakifunga kwenye taulo, cha zamani nikakirudisha kwenye fremu na kukiwasha. Mama akaweka kiganja chake pale lilipo shavu la kaka. Joto lilipoanza kupanda, mabega yake yakashuka, na akaanza kumweleza habari za kahawa, jinsi ilivyochanua mwaka huu.

Sikuweza kuondoka. Nilikaa kando yake na kutazama midomo ikipauka, na ukijani ukiingia kwenye mashavu, kidogo kidogo. Mama akanigeuzia uso.

"Anaonekanaje sasa?"

"Anaonekana vizuri, mama," nikasema. "Anatabasamu."