Chapati Anazokataa Dada Yetu

Mungu anisamehe, hata mimi nilimshuku. Dada wa ushirika wetu Kabuchai hukataa chapati kila nyumba tunakosali, na meno yake yamelika.

“Ati anaogopa tutamroga,” akina mama hunong’ona. “Na meno, si ni pombe hiyo imeyala, bana!”

Juzi nilimsindikiza kwa daktari wa meno Bungoma, nikimnusa njiani.

Daktari akammulika mdomoni. “Mama, unapata kiungulia?”

“Sana, nikila chapati.”

“Asidi ya tumbo inapanda, inakula meno. Huenda tumbo lako linakataa ngano. Upimwe damu.”

Dada akafunika mdomo kwa leso, akanigeukia. “Utawaambia, ama utaendelea kuninusa?”

Jumapili nitawaambia. Nawe msomaji, mgeni akikataa chapati yako, tafadhali msongee ugali.