Interview yangu ya ukocha wa gofu hapa Doha: mashimo tisa, kadi moja

Salaam wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo acha nami nitoe la kwangu. Sijaongeza chumvi, na pale nilipojiaibisha nimepaacha kama palivyo.

Mimi ni Mkenya, mlinzi wa geti kwenye hoteli moja yenye uwanja wa gofu nje kidogo ya Doha. Uwanja ni wa umma, yeyote anabook na kucheza.

Nyumbani nilikuwa kedi miaka tisa. Kwa wasiojua, kedi ndiye anayembebea mchezaji begi la fimbo, anamtafutia mpira na kumhesabia mapigo. Jumatatu, siku ambayo matajiri hawaji, tuliachiwa uwanja sisi makedi. Huko ndiko nilikojifunza kucheza, na tusidanganyane, nilikuwa moto.

Basi ikatoka nafasi ya kocha msaidizi wa kufundisha wanaoanza. Kocha mkuu ni dada wa Nakuru, wote tunamwita Madam. Nikamfuata.

"Sawa," akasema. "Ijumaa asubuhi tucheze mashimo tisa. Nataka kuona game yako."

Wakuu, niliitaka hiyo kazi kuliko kitu chochote. Kusimama getini saa kumi na mbili kwa siku kumeniharibu miguu, na jua la huku mnalijua.

Ijumaa ikafika. Uwanja ule nilikuwa nauona kila siku kupitia uzio, ila ukiwa ndani ni kitu kingine. Nyasi kijani kabisa, halafu hatua mbili pembeni mchanga mtupu na mawe ya rangi ya chapati. Kwa mbali majengo ya mji wa Lusail yamefifia kwenye vumbi. Upepo wa baridi kidogo. Moyo ulitulia.

Na nilicheza vizuri. Shimo la pili mpira wangu ulisimama hatua tatu tu kutoka kwenye bendera.

Madam alinipa kadi mimi niandike mapigo yetu wote wawili. Akiingia mchangani, mimi nishashika reki ya kusawazishia. Akifikiria fimbo, mimi nishaitoa. "Upepo unatoka kushoto, Madam, chukua namba saba." Ananiangalia tu, anachukua. Mpira wake ukipotelea kwenye mawe, naacha wangu nakimbilia wake.

Nilijua nimemkosha.

Shimo la tisa tukapeana mikono, nikamkabidhi kadi kwa mbwembwe zote.

Akaisoma. Akaigeuza nyuma. Akaigeuza tena.

"Mimi arobaini na moja, iko sawa kabisa. Na wewe?"

Wakuu, safu yangu ilikuwa nyeupe kutoka juu hadi chini. Nikajaribu kukumbuka, nikakwama shimo la nne. Mapigo yake nilikuwa nayo yote kichwani, hata lile lililogonga jiwe.

"Lakini Madam, si umeona nimecheza poa?"

"Nimeona. Lakini nikipeleka jina lako ofisini lazima niende na namba. Siwezi kutunga." Akaikunja kadi. "Na mwanafunzi akikuja, utamfundisha ama utambebea begi?"

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo iliponiuma zaidi. Nilirudi chumbani nikalala na viatu.

Jumapili nafasi ikafungwa. Aliipata Mnepali mmoja wa gym. Anajua kazi, simlaumu.

Siku yangu ya ofu iliyofuata nikabook kama mteja, peke yangu. Shimo la kwanza nilisimama kitambo, kumbe nangoja mtu atangulie. Nikapiga. Nikaandika tano. Shimo la tatu lilinila saba, nikaandika saba.

Jumla arobaini na sita. Kwenye gofu mapigo machache ndiyo mazuri, na kazi ilitaka chini ya arobaini na tano. Labda ile Ijumaa nilikuwa chini ya hapo, labda sikuwa. Sitajua kamwe, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Nilichojifunza: kazi ya kuhudumia watu imenilisha na siidharau. Ila siku umeitwa waone chako, usishinde ukishughulikia cha mwenzako.

Mayaya, madereva, wahudumu wa hoteli mlioko humu, hii imewahi kuwakuta? Karibuni tuchangie, nitasoma nikitoka shifti.

Kadi ya arobaini na sita nimeibandika kwenye mlango wa kabati langu huku tunakolala, Al Rayyan. Wenzangu wa chumba wakaniuliza ni ya bosi gani.

Nikawaambia ni yangu.